Theuri na Namba ya Kidoleni

Kwa miaka thelathini na mmoja Theuri alipanda Mlima Kenya akiwa amebeba jiko la mafuta taa, sufuria tatu na mfuko wa unga, akawapikia wageni mahali ambapo maji huchemka kabla hayajapata moto vizuri na maharagwe hukaa jikoni kutwa yasiive. Mpishi wa mlimani si kama hawa wapishi wa hoteli za Nanyuki wenye kofia ndefu. Huamka kabla ya kila mtu, hulala baada ya kila mtu, na katikati hapo haruhusiwi kuumwa. Mgeni akiumwa kichwa hubembelezwa na kupewa chai ya tangawizi. Mpishi au mpagazi akiumwa kichwa huteremshwa, na safari inayofuata hapigiwi simu.

Miaka ya karibuni viongozi wa safari walianza kubeba oksimita, kile kijimashine kinachobana ncha ya kidole kama kibanio cha nguo na kuonyesha namba, yaani damu imebeba hewa kiasi gani. Jioni, kabla ya chakula, kila mtu anapimwa. Ukiwa na tisini unasifiwa. Ukiwa na sabini na kitu unaanza kuangaliwa kwa jicho lingine. Wapagazi hawakuchukua muda kuvumbua dawa yake. Dakika tano kabla ya kuitwa unajificha nyuma ya mwamba, unapasha vidole moto kwenye kikombe cha chai, halafu unavuta hewa puani mpaka kifua kijae, na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kana kwamba unapoza uji. Wenyewe waliiita kupuliza. Mtu akipuliza sawasawa namba yake hupanda pointi tano, sita, hata nane, ikakaa huko juu kwa muda wa kutosha kuandikwa. Baadaye hushuka, lakini nani anaangalia tena? Theuri alikuwa fundi wa jambo hilo, na vijana wapya aliwafundisha yeye mwenyewe, kwa fahari ya mwalimu.

Kwa hiyo mkojo wake ulipogeuka mwekundu safarini, aliwaambia wenzake amekula bitruti, ile mboga nyekundu inayotia mkojo rangi. Alipofika nyumbani, kijijini juu ya Naro Moru, ukaendelea kuwa mwekundu wiki nzima, akamwambia mkewe vilevile. Sasa hapo alikosea mtu. Warigia ndiye aliyepika kila kitu kilicholiwa na mumewe siku alizokuwa nyumbani, maana mpishi huyu akishuka mlimani hakutaka kuona sufuria, na Warigia alijua vizuri kwamba bitruti haijaingia jikoni mwake mwaka mzima. Kesho yake asubuhi walikuwa hospitali. Figo ya kushoto ilikuwa na saratani. Ikatolewa, Theuri akapona, akarudi mlimani, akajisahau. Miaka miwili baadaye kikohozi kikaja kikakataa kuondoka, na picha za skani zikaonyesha vinundu vinne kwenye mapafu, kikubwa chao kikiwa na upana wa sentimita tatu.

Hapo ndipo alipoelekezwa kwenye hospitali moja mjini Nyeri iliyokuwa na utafiti wa dawa. Daktari wa utafiti aliitwa Ngatia, mtu mfupi, mpole, mwenye tabia ya kuchora kila anachosema nyuma ya bahasha.

"Mzee, wewe ni mtu wa mlima," alimwambia siku ya kwanza. "Ukipanda, hewa ikipungua, mwili unafanya nini?"

"Unalia," akasema Theuri.

"Haya. Unatoa ujumbe kwamba hewa imepungua. Figo inasikia, inaagiza damu itengenezwe zaidi, na mishipa mipya inatokea ndio ipeleke hewa. Sasa hizi seli za saratani yako ziko na ujanja. Ziko na hewa ya kutosha, lakini zinalia mchana kutwa ati hewa imeisha. Mwili unaamini. Unazipelekea mishipa, damu, chakula. Zinanenepa. Zikinenepa, zile za katikati zinakosa hewa kweli, basi zinalia zaidi."

Theuri alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Hao watu nawajua, daktari. Mpagazi anasema hana pumzi na bado tuko getini."

"Ni hao hao. Na kuna kitu ingine. Zinachokoza mwili, mwili unawasha moto, kama ile ya kidonda kikivimba kiwe na joto. Hiyo moto ingefaa kuziunguza, lakini zimejifunza kuiota. Sasa tuko na vidonge viwili. Cha kwanza kinaziba hizo kelele za hewa. Cha pili kinapunguza moto. Kwa wagonjwa wengine tumeona vinasaidia. Vikiwa pamoja ndio bado tunachunguza, na tunatafuta dozi gani inafaa watu wanaoishi juu kama sisi."

Halafu akaweka kalamu chini. Alisema kelele ya uongo na kelele ya kweli hupita njia moja, na ukiziba moja umeziba zote mbili. Figo iliyobaki haitasikia wakati mwili unahitaji damu kwa haki. Damu itapungua, na hewa ndani yake itashuka.

"Na ikishuka sana?" akauliza Warigia, aliyekuwa amekaa na mkoba magotini.

"Tutakuwa tunampima kila mara. Ikienda chini ya themanini na nane, tunasimamisha dawa."

Theuri aliyasikia mengine yote kwa sikio moja, lakini hilo la mwisho lilimwingia mpaka ndani. Alikuwa ameishi na sheria hiyo maisha yake yote. Namba ikishuka, unateremshwa, na simu haipigwi tena.

Watu kumi na wawili walitakiwa katika utafiti huo, na Theuri alikuwa katika wanne wa kwanza. Aliyewasimamia ni muuguzi mmoja kijana, Fowsia, binti wa mfanyabiashara mmoja wa mifugo wa Nanyuki aitwaye Hersi. Alikuwa na haraka na macho makali, na aliwaita wagonjwa wote baba na mama hata pale alipokuwa akiwagombeza. Alimpa Theuri vidonge, oksimita ya kwenda nayo nyumbani, na daftari la kuandikia namba kila asubuhi na jioni.

Wiki kumi zikapita. Skani ya kwanza ilipotoka, Ngatia hakuchora chochote. Aligeuza tu kioo cha kompyuta, akamwonyesha. Kile kinundu cha sentimita tatu kilikuwa kimebaki sentimita mbili, na kimoja kati ya vile vidogo hakikuonekana tena. Theuri aliomba aonyeshwe mara ya pili. Jioni hiyo alimpigia binti yake Lynn, mwalimu huko Kerugoya, akashindwa kumaliza sentensi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa ya miaka ishirini na sita: aliingia jikoni, akapika supu ya mboga, chapati na nyama ya kukaanga, akamkalisha Warigia mezani na kumhudumia na taulo mkononi, kama mgeni aliyelipia safari ya siku tano. Warigia alikula kila kitu, akasema chumvi imezidi kidogo.

Lakini hewa ilikuwa inashuka. Theuri aliijua hali hiyo tangu dalili ya kwanza, maana ilikuwa ni kama kulala kambi ya juu ukiwa kitandani kwako: kichwa kizito asubuhi, miguu isiyotaka amri, moyo kugonga kwa sababu ya ndoo moja ya maji. Asubuhi moja alibana kidole kabla ya chai, akaona themanini na saba. Alitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Akaenda nyuma ya zizi, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akapuliza dakika tano. Tisini na nne. Akaandika tisini na nne, kwa mwandiko mzuri.

Tangu hapo hakuandika namba nyingine ila ya kupuliza. Kliniki alikuwa anafika mapema, anazunguka nyuma ya jengo na chupa yake ya chai, na alipoitwa alikuwa tayari na vidole vya moto na kifua kilichojaa. Fowsia alimsifu. "Baba, wewe uko na mapafu ya kijana." Theuri alitabasamu na kuona aibu, kisha akaizoea aibu yenyewe. Alijiambia kwamba hamdhulumu mtu. Mapafu ni yake, saratani ni yake, na dawa inafanya kazi.

Warigia aliona jambo moja tu. Mumewe alipopanda kutoka mtoni na majani ya ng'ombe, alikuwa anasimama katikati ya mteremko na kuinama kwa muda.

"Unafanya nini hapo?" alimwuliza siku moja.

"Nafunga kamba ya kiatu."

Warigia alimtazama miguu. Alikuwa amevaa gambuti, viatu vya mpira visivyo na kamba. Hakulisahau.

Sasa, kuna mama mmoja aliyeingia katika utafiti baada yake, jina lake Kabura, mkulima wa majani chai kutoka upande wa Kerugoya. Alikuwa mjane mwenye ulimi mwepesi na msimamo wa mtu aliyebeba kikapu mgongoni maisha yake yote. Yeye na Theuri walielewana tangu siku ya kwanza kwenye benchi, kwa sababu wote wawili walidharau watu wanaolalamika. Siku moja kliniki, hata hivyo, alikuwa kimya. Oksimita ya nyumbani ilikuwa imemwonyesha themanini na sita siku tatu mfululizo.

"Watanitoa," alisema, akitazama sakafu. "Hii kitu kwa tumbo yangu imeanza kupungua, halafu watanitoa."

Mtu akiwa na ujuzi, vigumu kuuficha. Theuri alitazama huku na huku, akafungua chupa yake ya chai, akammiminia kikombe. "Shika hii kwa mikono miwili, mama. Usikunywe. Sasa vuta hewa na pua, mpaka ijae. Toa polepole, kama unapoza uji." Kabura alijifunza kwa dakika kumi tu. Alipotoka kwa Fowsia aliinua vidole tisa, kisha vitatu, akacheka kimyakimya kama msichana aliyetoroka mafundisho ya kanisani. Tisini na tatu. Theuri alirudi nyumbani siku hiyo akijiona ametenda wema.

Mwezi uliofuata alikwenda kliniki pamoja na Warigia. Alipimwa, akapata tisini na nne yake. Fowsia akafunga faili, na kwa kuwa alikuwa amefurahi, akawaambia habari ambayo pengine hakulazimika kuwaambia.

"Baba, mmetusaidia sana nyinyi wa kwanza. Wewe hasa. Kwa sababu namba zenu zimekaa vizuri hivi, tumeruhusiwa kupandisha dozi. Wale walioanza nyuma yako wanaanza ile kubwa leo. Mara mbili ya hii yako."

"Nani hao?" akauliza Theuri.

"Ni watatu. Yule mama wa Kerugoya rafiki yako ndiye wa kwanza. Yeye pia namba yake ni nzuri. Anangoja tu duka la dawa wamtolee."

Theuri alishukuru, akasimama, akatoka. Alifika mpaka ngazi za nje, akakaa chini katikati ya njia, watu wakawa wanamkwepa. Warigia alidhani ameshikwa na kizunguzungu.

Alichokuwa anakiona ni Ken. Ken alikuwa mpagazi wa Karatina, mwenye umri wa miaka ishirini na mbili, mchekeshaji, na Theuri ndiye aliyemfundisha kupuliza. Jioni moja kambi ya juu Ken alipuliza akapata themanini na tano, kiongozi akaridhika, na kesho yake akambebesha mzigo mpaka juu zaidi. Mchana walimteremsha kwa machela ya vijiti vya hema, akiongea maneno yasiyoeleweka. Hakufa. Leo anauza vitunguu sokoni, anaburuta mguu mmoja, na sentensi yake huchukua muda kufika. Wapagazi wote walisema ni mlima. Theuri naye alisema ni mlima, na kwa miaka sita amekuwa akinunua vitunguu vyake mahali pengine.

Alimweleza Warigia yote pale ngazini, kuanzia themanini na saba ya kwanza nyuma ya zizi mpaka kikombe cha Kabura. Warigia alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hivyo ile kamba ya kiatu."

"Ndiyo."

"Umenidanganya mimi, Baba Lynn. Mimi ndiye ningekuokota."

Theuri akasema lile lililomkaa moyoni. "Nikirudi huko ndani, wananitoa. Na hivi vitu vinapungua, Mama Lynn. Umeviona mwenyewe vinapungua. Wakinitoa vitarudi."

Alikuwa anaogopa kufa, na hakuwahi kulisema hilo kwa mtu yeyote. Warigia aliketi karibu naye kwenye ngazi, akaushika mkono wake uliokuwa bado na joto la kikombe. Alikuwa na hasira bado, na alikuwa analia.

"Basi wakutoe ukiwa hai," alisema. "Na yule mama anakunywa hiyo dawa leo. Simama."

Theuri alisimama. Hakupitia nyuma ya jengo. Alipanda ngazi hadi orofa ya pili kwa mwendo wake wa kweli, akisimama mara tatu na kushika ukuta, na mara hii hakujifanya anatafuta kitu mfukoni. Mlango wa Fowsia ulikuwa wazi.

"Sista, nipime tena."

"Baba, si nimeshakupima?"

"Nipime tena. Usiniambie nipumzike kwanza."

Fowsia akabana kidole. Namba ikacheza, ikatulia. Themanini na tano. Akakunja uso, akatoa kijimashine kingine kwenye droo, akabana kidole kingine. Themanini na tano.

"Hizi mashine zimekuwa na nini leo?"

"Haina kitu," akasema Theuri. "Mimi ndiye niko na kitu. Ile ya asubuhi nilipuliza."

Akamweleza. Alionyesha hata jinsi midomo inavyobanwa, kwa sababu Fowsia mwanzoni hakuamini kwamba jambo dogo kama hilo linaweza kumpita. Alipoamini, alisimama na kufunga mlango.

"Baba yangu anauza mbuzi Nanyuki," alisema polepole. "Siku ya soko kuna watu wananywesha mbuzi maji ya chumvi ndio tumbo zijae, mnunuzi aone wamenona. Mimi tangu nikiwa mdogo naweza kukuonyesha mbuzi wa maji akiwa mbali. Nilidhani hiyo mambo niliiacha sokoni." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hasira. "Unajua hizi namba zako zimeenda wapi?"

"Najua. Ndio maana nimerudi." Siri yake mwenyewe ilikuwa nyepesi kuitoa. Hii ya pili ilikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amemwamini. "Na yule mama wa Kerugoya. Yake pia ni ya kupuliza. Mimi ndiye nilimfundisha. Asipewe hizo vidonge."

Fowsia alitoka mbio. Kabura alirudishwa kutoka dirisha la dawa, boksi jipya likiwa tayari mkononi, akaketishwa na kupimwa hapo hapo bila chai na bila dakika tano. Themanini na nne. Hakumtazama Fowsia. Alimgeukia Theuri, akamtazama kwa muda mrefu sana.

"Umeniuza," alisema.

Ngatia alikuja, akasikiliza, akakaa kitako kwenye ukingo wa meza. Hakupandisha sauti, na Theuri angependa angepandisha. "Damu yako nilikuwa naiona inapungua, mzee. Nilitaka kukupunguzia dozi mwezi uliopita. Hii tisini na nne yako ndiyo ilinituliza. Ungeendelea wiki chache, mkeo angekukuta umeanguka."

"Sasa nimetoka?"

"Umetoka wapi?"

"Si mmesema ikishuka mnasimamisha."

"Tunasimamisha wiki tatu, damu irudi, tuanze na dozi ndogo." Ngatia alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulidhani tunakufukuza?"

"Kwetu mlimani ni kitu moja."

Baadaye daktari alikiri kwa Fowsia kwamba aliwaeleza wagonjwa kila kitu siku ile, kelele na moto na figo, lakini hakukumbuka kuwaeleza kwamba kusimama si mwisho. Tangu hapo ndilo la kwanza analowaambia. Dozi kubwa ilifutwa mchana huo huo, kabla mtu yeyote hajaimeza, na namba zote za Theuri za wiki tisa zikapigwa mstari.

Zilikuwa wiki tatu ngumu. Pumzi ilirudi upesi, na kwa siku kumi tu alikuwa anapanda kutoka mtoni bila kusimama, lakini kila alipojisikia vizuri aliogopa zaidi. Aliwaza vile vinundu huko ndani, vimeondolewa kizibo, vinalia vipendavyo. Oksimita alinyang'anywa. Warigia ndiye aliyempima sasa, asubuhi na mapema kabla hajafumbua macho sawasawa, na akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mbaya usio na shaka yoyote. Jumamosi moja Theuri alishuka hadi Karatina, akanunua vitunguu kwa Ken, akakaa naye kwenye gunia mpaka Ken akamaliza alichotaka kusema. Theuri alimwambia ukweli wake, kwamba haukuwa mlima bali kule kupuliza alikomfundisha. Ken alifikiri sana, akasema alijua siku zote, na kwamba yeye pia alitaka ile kazi.

Wiki tatu zilipoisha alianzishiwa nusu ya dozi, na baada ya wiki kadhaa ikafika siku ya skani, Theuri hakula. Ngatia aligeuza kioo cha kompyuta kama mara ya kwanza. Kile kinundu kikubwa hakikuwa kimekua hata kidogo, na upande mmoja kilikuwa kimeliwa milimita mbili zaidi. Nusu ya dozi ilimtosha, alisema daktari, pengine hata ile ya mwanzo ilikuwa nyingi kwa mtu wa huku. Wote kumi na wawili wangetumia hiyo. Hakuahidi kupona. Alisema kwa sasa dawa inashinda, na mwili unaweza kuibeba, na mambo hayo mawili kuwa pamoja ndiyo waliyokuwa wakiyatafuta. Warigia aliomba arudie sehemu ya mwisho, akarudia.

Walipotoka, Kabura alikuwa kwenye benchi. Yeye pia alikuwa amepumzishwa wiki zake na kuanzishwa dozi ndogo, na leo ndiyo siku ya kuonekana kama mwili wake unaikubali. Theuri alimsalimu. Hakuitikia. Hakuwa amemwitikia tangu ile siku, na Theuri hakumlaumu. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia Fowsia akimwita Kabura ndani, na kisha sauti ya Kabura, kavu, ikitoka kupitia mlango ulioachwa wazi.

"Mwite huyo mzee."

Theuri akarudi, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Kabura alikuwa ameketi, mkono wake mkavu wa kuchuma chai umelala wazi juu ya meza, kijimashine kimebana kidole cha shahada. Uso wake alikuwa ameugeuzia dirishani, mbali na namba.

"Mimi siioni vizuri," alisema. Miwani yake ilikuwa kifuani, imening'inia kwa kamba. "Nisomee wewe."

Theuri alisogea. Aliinama mpaka karibu, akangoja namba iache kucheza, akaitazama mara mbili.

"Tisini na moja," akasema.

"Ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

Kabura akamsogezea kiti kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Sista, andika."